Nani anaizima? Namna ya kuisimamia akili unde kwenye picha za hospitali na tiba ya mionzi

Mimi ni mwanafizikia tiba. Kazi yangu ni kuhakikisha mashine za picha na za mionzi zinafanya kile tunachoambiwa zinafanya, na siku hizi nimeongezewa mgeni: programu za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Wenzangu wa hospitali nyingine wakinipigia kuuliza waanzie wapi, hutegemea niwaambie waunde kamati. Nawaambia wakanunue kaunta buku la kwaya tatu. Nitalirudia hilo.

Kabla ya kusaini mkataba wowote, andikeni sentensi mbili: programu itafanya nini, na haitafanya nini. Yetu ya eksirei ilisomeka hivi: "Inatumika kwa wenye miaka 15 na kuendelea, kwa picha ya kifua, kuchagua nani atoe makohozi yakapimwe kifua kikuu. Haitumiki kwa watoto, wala kumwambia mtu kwamba kifua chake hakina shida nyingine." Umri huo hatukuutunga. Ndio uliomo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, uliokubali programu zisome picha hizo badala ya mtu katika uchunguzi wa kifua kikuu. Sentensi ya pili ndiyo yenye kazi kubwa. Iko siku daktari wa zamu atakuja na picha ya mtoto wa miaka sita aseme, "Hebu ipitishe tu tuone." Huna haja ya kubishana naye, mwonyeshe karatasi.

Baada ya hapo ijaribuni kwa picha zenu. Muuzaji atakuja na majedwali ya rangi kutoka nchi ambayo hujawahi kufika. Mpe chai, mshukuru, kisha chimbueni picha za zamani za wagonjwa wenu ambao majibu yao ya maabara yanajulikana. Msichague zile safi. Wekeni wachimbaji waliovuta vumbi la mawe miaka kumi, waliougua TB wakapona wakabaki na makovu, wazee, wanaoishi na VVU, na picha zilizopigwa wodini mgonjwa akiwa kitandani. Sisi zile za wodini zilituaibisha, tukarudi kwenye sentensi yetu tukaziondoa.

Programu hizi hutoa alama, nyingine 0 hadi 100, nanyi mnaweka kikomo: kuanzia hapa, mtu akatoe makohozi. Makovu ya zamani huipandisha alama hata kama hakuna bakteria, kwa hiyo kikomo cha muuzaji kinaweza kuwamwaga wachimbaji wote maabara. Katika mwongozo ule wa 2021, Shirika la Afya Duniani lilitaka kipimo cha kuchuja kinase angalau wagonjwa 90 katika 100, na kiwaache huru angalau watu 70 katika kila 100 wasio wagonjwa. Tafuteni alama inayowafikisha hapo kwa watu wenu, kisha muulizeni mtu wa maabara ana katriji ngapi za mwezi, yaani vile vikasha vya mashine ya kupimia makohozi, kimoja kwa kila kipimo. Kikomo kiandikwe, kiwe na tarehe na sahihi ya daktari. Kisiwe namba iliyokuja na kompyuta.

Hapa ndipo nilipochomeka. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo muuzaji aliisasisha programu usiku kwa intaneti, bila barua, bila simu. Kikomo chetu kilikuwa 60. Asubuhi kilikuwa 60 bado, rangi zilezile, nembo ileile. Aliyegundua si mimi wala daktari, ni kaka wa maabara. Wiki ya pili alisimama mlangoni akaniuliza, "Dada, mmeacha kupiga picha? Vikombe vyangu vinakaa tu." Toleo jipya lilikuwa na mizani yake: mtu ambaye zamani angepata 65 sasa alikuwa anapata arobaini na kitu. Tulizipitisha upya picha zote za siku zile, tukaanza kuwapigia watu waliokwisha kurudi vijijini. Wengine walikuwa wameacha namba ya jirani, na jirani amehama.

Tangu hapo nina kapu. Ni picha 30 zisizobadilika, majibu yake yanajulikana, zimehifadhiwa kwenye diski isiyounganishwa na mtandao. Kila Jumatatu kabla ya mgonjwa wa kwanza tunazipitisha. Alama zikisogea, programu inazimwa na picha zinasomwa na watu mpaka ijulikane kwa nini. Na kwenye mkataba dai kifungu hiki: hakuna toleo jipya bila barua, na toleo la zamani libaki linapatikana mpaka kapu lipite. Muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike sasa, kabla hamjamlipa.

Kusoma picha kwenyewe kuna kanuni moja tu ninayoipigania: mtu aandike maoni yake kwanza, ndipo afungue ya programu. Mwaka 2023 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la madaktari 27 wa radiolojia waliopewa picha 50 za matiti pamoja na jibu walilodhani limetoka kwa akili unde. Baadhi ya majibu yalipotoshwa makusudi. Wenye uzoefu mdogo walipatia karibu 80 katika 100 jibu lilipokuwa sahihi, wakaporomoka hadi 20 hivi lilipokuwa la uongo. Mabingwa wa miaka mingi nao walitoka 82 hadi 45 hivi. Si uvivu huo. Ukishaonyeshwa jibu, jicho linakwenda kulitafuta. Kwa hiyo mwombeni fundi aweke mfumo ufiche jibu la programu mpaka ripoti ya mtu ihifadhiwe. Ni mpangilio tu.

Kwenye tiba ya mionzi hatari ni ya namna nyingine. Huko programu huchora mipaka ya viungo kwenye sitiskani, picha zinazouonyesha mwili kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa, ili kompyuta ya kupanga dozi ijue nini kipigwe na nini kikingwe. Kazi ambayo daktari angekaa nayo saa nzima inakwisha kwa dakika chache, na inapendeza macho. Kupendeza huko ndiko kunakoniogopesha, maana mchoro mbaya kila mtu anausahihisha.

Tulipokuwa tunaijaribu, tuliipa picha za mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliyekuwa na mpira wa mkojo. Ncha ya mpira huo ina kibaluni kinachokaa ndani ya kibofu. Programu ikakiona, ikaamua si kibofu, ikakichora kibofu chenye tundu katikati kama bangili. Vipande vitatu tu vya picha, kati ya zaidi ya mia. Mgonjwa mwingine, uti wa mgongo (namaanisha ule uzi wa neva ulio ndani ya mifupa) uliishia vipande viwili kabla ya mahali ulipotakiwa kuishia. Kwa dozi za kawaida za Gy 2 kwa siku (Gy ni grei, kipimo cha dozi ya mionzi), uti wa mgongo tunauzuia usipite Gy 45 hadi 50, lakini kompyuta ya kupanga dozi hailindi kisichochorwa. Kipande kitupu kwake ni nyama ya kawaida.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kila kiungo kilichochorwa na programu kianze na herufi AU, yaani akili unde, kwenye jina lake. Daktari akishapita kipande kwa kipande, wa kwanza mpaka wa mwisho, halafu akatazama kwa ubavu na kwa mbele, ndiye anayeziondoa herufi hizo, kwa jina lake la kuingilia, si la mwanafunzi. Mwanafizikia akikuta AU kwenye mpango wa dozi, mpango unarudi. Na uvimbe wenyewe usichorwe na programu. Huo ni uamuzi wetu. Wapo wanaotuona washamba.

Sheria nitazipita haraka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayofanya kazi tangu Mei 2023, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Ulizeni picha zinahifadhiwa nchi gani na kama muuzaji anazitumia kuifundisha programu yake. Angalieni hasa ultrasaundi: jina la mgonjwa limechapwa juu ya picha yenyewe, na kufuta jina kwenye faili hakuliondoi pale. Kwa Tanzania, ya vifaa tiba waulizeni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba; ya mionzi ni TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki.

Sasa kaunta buku. Lichoreeni safu tano: tarehe, namba ya picha (jina hapana), programu ilisema nini, mtu alisema nini, na ukweli uliojulikana baadaye. Mnaandika pale tu mtu na programu wasipokubaliana. Kwa nini karatasi? Kwa sababu kumbukumbu za ndani ya programu ni za muuzaji, na umeme nao mnaujua. Safu ya tano hubaki wazi, kwa hiyo kila Ijumaa mtu mmoja aende maabara na wodini kuijaza. Kwetu ni mtu wa maabara. Ukurasa uliojaa hauninyimi usingizi. Mwezi ukipita bila mstari hata mmoja ndipo ninapomwita kila mtu nimuulize kama bado anazitazama picha.

Mwisho, karatasi ya ukutani. Iandikwe nani ana ruhusa ya kuizima programu bila kuuliza mtu, na namna ya kuizima. Yetu iko juu ya swichi ya kiyoyozi, ina majina manne, na la kwanza ni la radiografa, yaani mpiga picha, wa zamu ya usiku, kwa sababu saa nane za usiku yeye ndiye aliyepo.