Kabla hujashika maikrofoni mbele ya maafisa wa jeshi

Siku hizi hafla ya Dodoma isiyo na mwanajeshi meza kuu ni adimu: wizara ziko Mtumba, Makao Makuu ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yako Chamwino. Ukipewa kazi ya ushereheshaji, au hata kuandika kadi za mwaliko tu, weka haya sawa mapema.

"Afande" inamfaa yeyote mwenye gwanda, mwanamume kwa mwanamke. Mwanajeshi wa kike usimwite "mama" akiwa kazini. "Mjeda" liache kijiweni. "Kamanda" la mtaani nalo achana nalo, lina harufu ya siasa. Saluti si yako wewe raia. Simama wima, salimia, inatosha. Na nguo za mabaka usithubutu: mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba zisalimishwe.

Cheo hutangulia, taaluma hufuata: Kanali Dkt., si Dkt. Kanali. Mstaafu habaki bila cheo, unamwongezea (Mst.) tu. Usichanganye cheo na madaraka: Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ni nafasi, cheo chake ni Jenerali. Barua ya kuomba bendi mwandikie Kamanda Kikosi kwa namba ya kikosi, mathalani 834 KJ (Kikosi cha Jeshi) Makutupora, si kwa jina la mtu. Maafisa huhamishwa.

Wengi huumbuka kwenye ngazi. Kuanzia chini: Luteni Usu (nyota moja), Luteni (mbili), Kapteni (tatu), Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, Jenerali. Huku chini Meja ni mkubwa kwa Luteni. Kwa majenerali mambo yanageuka: Luteni Jenerali ndiye mkubwa kwa Meja Jenerali. Zamani huko Ulaya huyu Meja Jenerali aliitwa Sajenti Meja Jenerali, "sajenti" likadondoka baadaye. Luteni Jenerali yeye alikuwa msaidizi wa jenerali mwenyewe.

Asiyelijua hilo hupanga majina kwa neno la kwanza. Karatasini kuna "Meja Jen" na "Lt Jen", anamtambulisha wa kwanza kama ndiye mkubwa. Luteni Jenerali aliyekwisha kuinuka anajirudisha kitini taratibu, anavuta koti lake la sare, na meza kuu yote inatazama vitambaa vya meza. Kibaya zaidi ni kusoma "Luteni" ukaishia hapo: umemshusha ngazi saba mbele ya askari wake.

Kwa hiyo usisimame na vifupisho. Andika vyeo kwa kirefu, kwa herufi kubwa. Kama afisa ana mpambe, yule mwenye kamba iliyosukwa begani, mfuate kabla ukumbi haujajaa, akutajie cheo na jina, nawe umsomee ulichoandika. Asipokuwepo, muulize mtu wa itifaki. Fanya hivyo asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu kadi iliyochapwa mwezi uliopita haijui nani amepandishwa cheo juzi.

Ukikosea, sahihisha kwa sentensi moja na uendelee. Maelezo marefu na utani hukoleza aibu. Halafu si kila sare ni JWTZ. Polisi, Magereza, Zimamoto na Uhamiaji wana akina Mkaguzi, Mrakibu na Kamishna wao, na nyota tatu begani kwa polisi hazimfanyi Kapteni. Na ukienda kambini kupeleka mwaliko, simu iache mfukoni tangu getini.