Somo: Leseni ya pikipiki Tanzania kwa anayeanza, na pale wengi wanapokwama

Wengi wanaofeli jaribio la pikipiki wanajua kuendesha. Mbio wanazo, na gia wanabadili bila kuangalia mguu. Kinachowashinda ni kwenda polepole: kuzunguka koni bila kushusha mguu, kusimama pale walipoambiwa wasimame, kuondoka kwenye mlima bila kurudi nyuma. Chanzo chake ni mafunzo ya kijiweni. Rafiki anakupeleka kwenye barabara iliyonyooka, jioni ya pili uko gia ya tatu, na gia ya tatu inaficha makosa yote ya klachi. Basi hapa karatasi tutazipitia haraka, mwendo wa kutembea tutakaa nao.

1. Jua daraja lako kabla ya kulipa chochote

A3 ni pikipiki ndogo isiyozidi cc 50. A1 ni pikipiki isiyo na kigari cha pembeni, chini ya cc 125. Ikizidi cc 125, yenye kigari au isiyo nacho, ni A. Bajaji na pikipiki za magurudumu manne ziko A2. Kwa hiyo TVS HLX 125, yenye injini ya cc 124.5, inaangukia A1, lakini Boxer 150, yenye cc 144.8, inataka A. Soma kadi ya pikipiki, usisome stika ya ubavuni. Mwenye leseni ya gari naye asijidanganye: daraja B au D halimruhusu kupanda pikipiki.

2. Karatasi

Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kisha TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA, mamlaka ya mapato, kisha leseni ya kujifunzia, ile wanayoiita lena. Inadumu miezi 3, na ndiyo maana usiichukue kabla hujapata pikipiki ya kufanyia mazoezi. Saa inaanza kuhesabu siku hiyohiyo. Jiunge na VETA (chuo cha ufundi stadi) au shule ya udereva iliyosajiliwa. Ukifuzu jaribio la trafiki unapewa cheti cha umahiri, unarudi TRA kwa alama za vidole, picha na saini, unalipa kwa namba ya malipo. Leseni kamili inadumu miaka 5.

Kinachochelewesha watu ni majina. NIDA inasema hivi, cheti cha shule kinasema vile, herufi moja imeruka. Kagua kila karatasi pale dirishani kabla hujaondoka.

3. Klachi, mpaka mkono uchoke

Kwanza pima klachi yenyewe. Ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kukaza. Mnyororo nao, ukiusukuma katikati, upande na kushuka kama sentimita 2 hadi 3. Pikipiki isiyopimwa itakufundisha uongo.

Tafuta uwanja mgumu na tambarare. Injini inawaka, gia namba moja, miguu yote miwili chini. Usivute moto (mafuta) kabisa. Achia klachi taratibu mpaka usikie injini inashuka sauti na pikipiki inataka kuondoka. Hapo ndipo inaposhikia. Rudisha klachi ndani. Rudia mara 30. Kisha iache isogee mbele hatua mbili, uisimamishe kwa kuvuta klachi peke yake. Ukiweza hivyo bila kuizima mara 10 mfululizo, sasa ongeza moto kidogo, uuache hapohapo.

Siri ya mwendo wa polepole ni hii: moto haubadiliki, klachi iko nusu, na mguu wa kulia unabana breki ya nyuma kidogo. Vitu vitatu kwa pamoja. Moto na breki vinavutana, pikipiki inatulia kama mtu aliyeshikwa kiunoni. Anayecheza na moto, kuvuta na kuachia, pikipiki inamrusha mbele na nyuma mpaka mguu ushuke wenyewe.

Chora kwa chaki njia ya mita 10, upana wa sentimita 30. Ipite kwa sekunde 8 au zaidi. Ukitumia sekunde 4 hujafanya zoezi, umekimbia. Macho yawe mwisho wa njia. Ukiangalia tairi la mbele unayumba, kwa sababu mikono inafuata macho.

4. Namba nane

Koni mbili (makopo yenye mchanga yanatosha), umbali wa mita 6. Zizunguke kwa kuchora namba nane. Ikishazoeleka, sogeza mita 5, kisha 4. Kichwa kigeuke mapema kuelekea koni inayofuata. Ukiikodolea macho koni uliyo karibu nayo, utaikanyaga. Kwenye kona kali ya polepole iache pikipiki ilale huku mwili wako ukibaki wima.

Kosa kubwa hapa ni breki ya mbele. Usukani ukiwa umekata, ukigusa breki ya mbele, uzito wote unaenda upande uliolalia na pikipiki inaanguka papo hapo. Ndani ya nane, vidole viwe mbali na mkono wa breki ya mbele. Tumia ya nyuma.

5. Kusimama

Kwa 50 km/h, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo kwenye makazi, unapita karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka imekwisha na hujagusa breki.

Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, maana ukianza kusimama uzito unahamia mbele. Ibinye kama unavyokamua chungwa: polepole, kisha kwa nguvu. Ukiikamata ghafla, tairi linafunga kabla uzito haujafika. Wanaoogopa breki ya mbele hukanyaga ya nyuma peke yake, tairi linaburuta, pikipiki inakaa kombo. Kwenye vumbi au changarawe punguza ya mbele, mwendo uwe mdogo tangu mwanzo. Anza zoezi na 20 km/h, kisha 30. Klachi ivutwe mwishoni, mwendo ukishashuka.

6. Alama na siku yenyewe

Pembetatu yenye mpaka mwekundu inaonya, duara lenye mpaka mwekundu linakataza, duara la bluu linaamuru. Penye STOP magurudumu yasimame kabisa. Kupunguza mwendo hakuhesabiki kuwa kusimama. Kabla ya kila kugeuka: kioo, indiketa, kichwa begani, ndipo ugeuke. Na indiketa ya pikipiki nyingi haijizimi; kuiacha ikiwaka baada ya kona ni kosa jepesi linalogharimu watu wengi.

Kofia ngumu ifungwe mkanda chini ya kidevu. Ukivaa bila kufunga, umebeba bakuli.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanza: Mkuu, mimi mfupi, miguu yote miwili haifiki chini. Si nitafeli?*

Mguu mmoja unatosha. Ukisimama, sogeza kiuno kidogo kushoto, mguu wa kushoto uguse, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Pia mwambie fundi alegeze shokapu za nyuma ngazi moja au mbili, zote mbili sawa. Ukikalia inashuka kidogo.

*Mbeya: Pikipiki ya shule gia zote unakanyaga mbele, ya kwangu ya kwanza chini, zingine juu. Nachanganya kila siku.*

Hapo ndipo wengi huzimikiwa mbele ya trafiki. Uliza mapema pikipiki ya jaribio ni ipi, na wiki ya mwisho usipande nyingine. Kwenye ya kwanza chini, nyutro iko kati ya moja na mbili, inataka mguso mwepesi. Kwenye hizo za kukanyaga mbele, unarudi kwa kisigino mpaka mwisho.

*Tanga: Samahani mwalimu, navaa baibui. Nifanyeje?*

Dada, hatari iko kwenye mnyororo. Kitambaa kikishikwa na sproketi (gurudumu la meno la mnyororo) kinakuvuta chini kabla hujajua kuna nini. Vaa suruali ndani, baibui fupi au lililopasuliwa pembeni na kufungwa juu ya goti, mtandio uingizwe ndani ya koti. Chagua pikipiki ambayo mnyororo wake umefunikwa wote. Abiria wako naye mkague.

*Dar es Salaam: Kipilefti kinanitoa jasho.*

Wapishe walio ndani ya mzunguko, wanaotokea kulia kwako. Ingia gia ya pili, kaa katikati ya njia yako. Ukibana ukingoni kushoto, daladala itakukatia ikitoka. Indiketa ya kushoto iwashe ukishapita njia iliyo kabla ya yako.

*Morogoro: Kuna jamaa anasema leseni inatoka bila jaribio, ni hela tu.*

Huyo ni kishoka. Trafiki akiingiza namba kwenye mfumo na haipo, unayo plastiki tu. Ukigonga mtu, bima inapata sababu ya kukataa kulipa.

*Nairobi: Huku kwetu je?*

NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, ina madaraja tofauti: A1 hadi cc 50, A2 pikipiki ya kawaida, A3 bodaboda, wapeleka vifurushi na tuktuk. Ukitaka kubeba abiria kwa malipo chukua A3 tangu mwanzo. Unaanza na PDL (leseni ya kujifunzia) kama wengine.

*Manchester: Nina leseni ya Tanzania, nataka kupeleka vyakula kwa pikipiki.*

Kaka, inakuruhusu miezi 12 tangu uwe mkazi, basi. Baada ya hapo unahitaji leseni ya muda ya huko na mafunzo ya siku moja yanayoitwa CBT, ambayo yanakupa miaka 2 ya pikipiki hadi cc 125 na alama ya L (ya anayejifunza), bila abiria. Leseni kamili ina mtihani wa nadharia (maswali 50, upate 43), kisha majaribio mawili. La kwanza ni uwanjani: nane, koni, kugeuka, na kusimama kwa dharura kutoka 50 km/h. Hatua ya 3 hadi ya 5 hapo juu zitakufaa vilevile.

*Dodoma: Nikivuta klachi yote bado pikipiki inatambaa. Fundi anataka kubadilisha klachi nzima.*

Asifungue kwanza. Mara nyingi ni kamba imelegea: zungusha nati ya kurekebishia mpaka mchezo urudi milimita 10 hadi 20, ujaribu tena. Ingekuwa sahani zimekwisha, ungeona kinyume chake: unavuta moto, injini inalia, pikipiki haiongezi mwendo.