Mbwa anayeogopa sakafu ya marumaru

Tulipohamia Iyumbu, hapa Dodoma, mbwa wetu aliyezoea kukanyaga udongo aligoma kuvuka sebule. Alisimama mlangoni akitetemeka, maskini. Usimvute kwa kamba, hofu itazidi. Tandika vipande vya zulia visivyoteleza viwe njia kuanzia mlangoni, na kila hatua mwekee kinofu cha nyama. Akizoea, viachanishe kidogo kidogo. Wetu alihitaji wiki tatu, nasi tukamsubiri.

Mwangalie na miguu: kucha ndefu huzuia nyayo kushika sakafu, na manyoya kati ya vidole huteleza, yapunguze. Vumbi letu la Dodoma nalo huongeza utelezi, kwa hiyo piga deki na ukaushe. Mbwa mzee akianza kuogopa ghafla, huenda viungo vinamuuma. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.