Kuingiza alama kwenye mfumo wa shule bila kuzipoteza

Mwalimu anayeingiza alama za mtihani kwenye mfumo wa shule wa mtandaoni, awe Ngamiani au Pongwe hapa Tanga, ni vyema abofye kitufe cha kuhifadhi kila anapomaliza wanafunzi kumi hivi, kwa sababu mifumo mingi huhesabu muda wa kukaa kimya kuanzia mara ya mwisho kivinjari kilipowasiliana na seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, wala si kuanzia tarakimu ya mwisho iliyochapwa. Atakuwa anachapa bila kupumzika, ilhali seva inamwona ameondoka. Akija kuhifadhi, anarudishwa kwenye ukurasa wa nywila na kazi yote imepotea.

Kabla ya kuanza, abofye kichwa cha safu ya namba ya usajili ili orodha ifuatane na karatasi iliyo mezani. Kupanga kwa majina huleta mkanganyiko katika darasa lenye akina Mwanaidi watatu, na huku kwetu darasa la namna hiyo halitafutwi kwa tochi. Kuhama kisanduku hadi kisanduku kufanywe kwa kitufe cha Tab kwenye kibodi badala ya kipanya. Enter iepukwe, maana katika fomu nyingi hutuma ukurasa mzima kabla ya wakati.

Mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani asiandikiwe sifuri. Kisanduku kiachwe wazi, au ichaguliwe alama ya kutokuwapo iwapo mfumo unayo, kwani sifuri huingia kwenye wastani wa darasa na kuushusha, na mzazi akiiona kwenye ripoti atakuja kuuliza, tena kwa haki yake.