Somo: Kuchakaza rangi nyeusi kwenye modeli ya SR-71

Nyeusi ndiyo rangi inayowashinda wengi. Ukiwa na ndege ya kijani au ya kijivu, una pa kwenda pande zote mbili: unatia giza kwenye mifereji (mistari inayotenganisha paneli za bati), unatia mwanga katikati ya paneli. Nyeusi haina giza zaidi ya hapo ilipo. Ndiyo maana modeli nyingi nyeusi zinaishia kuwa kivuli kikubwa kilichobandikwa stika. Kwa hiyo katika somo hili ndege yetu hatuipaki nyeusi. Tunaipaka kijivu cha giza, na nyeusi halisi tunaiweka akiba kwa ajili ya vivuli na madoa mabichi ya mafuta.

Nimechagua SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani, kwa sababu kila doa lake lina sababu. Ndege hii iliruka mara ya kwanza Desemba 1964, na mwaka 1976 ikaweka rekodi ya kilomita 3,529 kwa saa. Kwa mwendo huo msuguano wa hewa unapandisha joto la ngozi ya ndege hadi zaidi ya nyuzi 250 za Selsiasi. Ben Rich, mmoja wa wahandisi wa Lockheed, kampuni iliyoiunda, ndiye aliyependekeza ipakwe nyeusi, kwa kuwa uso mweusi hutoa joto vizuri kuliko titani tupu. Rangi inayochomwa hivyo safari baada ya safari haibaki nyeusi: inapauka, hapa ikielekea bluu, pale kijivu, pale kahawia.

Jambo la pili ni mafuta. Mwili wa titani unatanuka ukipata joto, na viziba vya matangi vikachoka kwa kupashwa na kupoa, kwa hiyo ikiwa chini ndege ilikuwa ikivuja. Picha za kazini zinaonyesha mgongo na mabawa yakiwa na michirizi. Tumia picha za wakati huo, pamoja na zile za NASA, kuliko za makumbusho. Ndege iliyokaa ndani ya jumba miaka mingi haikuonyeshi ilivyokuwa ikitoka angani.

Vifaa: kipulizia rangi na kompresa, praima nyeusi, rangi za akriliki (nyeusi, kijivu cha kati, nyeupe, bluu ya giza), vanishi ya kung'aa na isiyong'aa, rangi za mafuta za wachoraji zile za kwenye tyubu, tapentaini, brashi laini, sponji. Fungua madirisha na vaa barakoa.

Hatua ya 1. Maungio. Piga msasa mpaka kucha isihisi kitu, kisha praima nyeusi. Usiharakishe hapa, maana modeli ya 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ndege halisi) ina urefu wa sentimita 68 hivi na mgongo wake ni mpana. Ufa mmoja unaonekana kutoka mlangoni.

Hatua ya 2. Madoadoa ya chini. Juu ya praima, pulizia kijivu cha kati kwa vidoa na mikwaruzo isiyo na mpangilio, hewa ikiwa ndogo, kipulizia karibu na plastiki. Halafu rudia kwa nyeupe iliyochafuliwa, sehemu chache tu. Kwenye mabawa, paneli za ndani zina mikunjo inayokwenda kutoka mbele kwenda nyuma (iliwekwa ili bati lipate nafasi ya kutanuka), basi mikwaruzo yako iifuate. Kwenye maungio ya paneli acha praima ibaki wazi. Kwa sasa modeli itaonekana ovyo, iache hivyo.

Hatua ya 3. Rangi yenyewe. Changanya matone sita ya nyeusi, matatu ya kijivu na moja la bluu. Izimue sana, sehemu moja ya rangi kwa tatu za tina (kizimulio) ya akriliki, upulizie ukungu mwepesi. Tabaka la kwanza halitafunika kitu. La pili litaanza kuunganisha. Simama pale madoadoa yanapokuwa yamezama lakini jicho bado linayaona. Ukiendelea mpaka yapotee, Hatua ya 2 umeitupa. Kisha ongeza kijivu kidogo kwenye mchanganyiko huohuo, upulizie juu ya mabawa.

Kingo za mbele za mabawa zina vipande vya pembetatu, vilivyotengenezwa kwa nyenzo tofauti ili kupunguza mwangwi wa rada. Ziba vichache kwa tepu, uvipe rangi iliyopishana kidogo na majirani zake. Vichache tu. Nimeona watu wanavifanya vyote kwa zamu, kimoja cheusi, kimoja cha kijivu, na ndege inageuka bao la drafti.

Hatua ya 4. Stika. Kwanza vanishi ya kung'aa, tabaka mbili. Stika ikikaa juu ya uso mkavu wenye vinyweleo inafungia hewa chini yake, na hewa hiyo hung'aa kama fedha. Kwenye kijivu chepesi unaweza kusamehewa, kwenye nyeusi hapana. Kiputo kikitokea, kitoboe kwa ncha ya sindano, dondoshea dawa ya kulainisha stika, kandamiza kwa kitambaa chenye unyevu. Zikikauka, pita juu ya ile mistari myekundu ya stika kwa ukungu wa rangi ya mwili. Nyekundu inayowaka juu ya rangi iliyochomwa haiingii akilini.

Hatua ya 5. Mifereji. Nyeusi tupu iliyozimuliwa kwa tapentaini, kwenye viungo vinavyocheza tu: usukani wa mabawa, milango ya magurudumu. Mifereji mingine ipate kahawia yenye kijivu, au uiache. Usijaze kila mstari rangi nyepesi.

Hatua ya 6. Rangi za tyubu. Hapa ndipo kazi inapofanyika. Weka nyeupe, bluu, kahawia ya giza na njano ya udongo kwenye kipande cha boksi, uziache saa kadhaa boksi linyonye mafuta yake; zitakauka haraka na bila kung'aa. Chukua paneli moja. Weka vidoa vidogo, vitatu au vinne, vya rangi mbili tofauti. Lowesha brashi kwa tapentaini, ikaushe kwenye kitambaa, kisha vuta vidoa kutoka mbele kwenda nyuma mpaka vibaki kama kumbukumbu ya rangi. Paneli ya pili, badilisha rangi. Bluu na nyeupe zifanye kazi juu, kahawia iende karibu na injini. Ukizidisha, futa kwa tapentaini safi. Vanishi ya chini inakulinda. Acha siku nzima ikauke.

Hatua ya 7. Vanishi isiyong'aa, halafu mafuta. Mpangilio huu usiugeuze. Mafuta ya JP-7, yaliyotumiwa na ndege hii, karibu hayana rangi, hivyo doa bichi halionekani kwa rangi yake bali kwa kuwa jeusi zaidi na lenye kung'aa. Changanya vanishi ya kung'aa na tone la nyeusi na la kahawia. Anzia penye chanzo: tundu la kujazia mafuta angani lililo mgongoni nyuma ya vyumba vya marubani, maungio ya matangi mgongoni, sehemu za ndani za mabawa, na tumboni. Yaliyomwagika angani yanakimbilia nyuma moja kwa moja. Yaliyovuja ndege ikiwa imeegeshwa yanafuata mteremko wa bawa na kudondoka. Mchirizi usio na mahali ulipotokea, ufute.

Hatua ya 8. Magurudumu na nyuma. Matairi ya SR-71 hayakuwa meusi. Mpira wake ulichanganywa na unga wa alumini, ukawa na rangi ya fedha iliyofifia. Ncha za injini ni metali iliyoungua: rangi ya chuma cha giza, ukungu wa kahawia, na bluu kidogo.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, mimi sina kipulizia, natumia brashi tu. Nifanyeje Hatua ya 2 na 3?
Inawezekana. Paka kijivu cha giza kwa brashi pana, tabaka nyembamba, kila moja ikauke. Kisha gusagusa kwa sponji iliyokaribia kukauka, ukitumia kijivu chepesi kidogo kuliko hicho. Hatua ya 6 haihitaji kipulizia kabisa, na ndiyo itakayokubeba.

Fundi, nimefuata mpaka Hatua ya 7, lakini baada ya vanishi isiyong'aa ndege imekuwa ya kijivu kabisa.
Vanishi hiyo huifanya nyeusi ionekane nyepesi, kwa hiyo hadi kufikia hapo modeli inatakiwa ionekane imezidi weusi kidogo. Usipake upya. Zimua nyeusi sana, karibu maji ya rangi tu, uipulizie kwa mbali mpaka irudi. Iangalie kwenye mwanga wa mchana kabla ya kuamua, maana taa ya mezani inadanganya.

Naomba kuuliza, naweza kubandua rangi ionekane fedha chini, kama ndege za vita?
Kwenye SR-71 sikushauri. Chini yake ni titani, ambayo ni ya kijivu iliyofifia, haing'ai kama alumini, na picha hazionyeshi mabaka makubwa ya kubanduka. Ukipenda kubandua, jenga P-61 Black Widow, ndege ya kivita ya usiku ya Marekani, ya 1944 na 1945. Ile ilipakwa nyeusi ya kung'aa juu ya alumini, mafundi waliikanyaga mabawani, na fedha chini ya nyeusi inapendeza kweli.

Na Lancaster je? Tumbo lake ni jeusi pia.
Kwa Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, msingi ni uleule, ila chanzo cha uchafu ni kingine. Petroli ya wakati ule ilikuwa na madini ya risasi, na moshi wa injini za Merlin uliacha michirizi mipana ya kijivu chepesi, mingine karibu nyeupe, nyuma ya kila injini juu ya bawa na chini yake. Anza na kahawia ya giza pana, kisha kijivu chepesi katikati, chembamba. Tumbo liongezee vumbi la chaki iliyosagwa karibu na magurudumu, maana viwanja vilikuwa na matope.

Kaka, niko Mombasa, vanishi yangu imetoka na ukungu mweupe. Nimeiharibu?
Pengine ni unyevu, hasa kama ulipulizia wakati wa mvua au usiku. Subiri ikauke kabisa, pulizia vanishi ya kung'aa tabaka moja; mara nyingi ukungu unapotea. Kisha rudia isiyong'aa saa za mchana mkavu, tabaka nyembamba, na utikise chupa vizuri kwanza, kwa sababu unga wa kufifisha hukaa chini na kutoka kwa mabonge.