Kibofu kinachouma miezi na miezi: ya kuzingatia kabla ya kuanza dawa

Maumivu ya kibofu yasiyoisha yana jina moja tu mtaani: UTI sugu. Mgonjwa anapewa antibiotiki ya sipro, haimsaidii, anapewa azithromaisini, kisha sindano, na bado kibofu kikijaa anajikunja, akikojoa anapata nafuu kidogo, muda si mrefu yuko chooni tena. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote, mkojo uoteshwe maabara, yaani bakteria waliomo waachwe wakue hadi waonekane. Kile kijiti cha kuchovya kwenye kikopo na kusoma rangi hakitoshi. Sampuli itolewe kabla hujameza antibiotiki nyingine, maana ukishameza, bakteria wanaweza wasiote hata kama wamo.

Kama umekulia Pemba, pwani au kwingine kwenye kichocho, omba kipimo chake pia. Mkojo wa kutafutia mayai ya kichocho cha kibofu huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Ukiupeleka alfajiri unaweza kuambiwa huna kitu. Kichocho kina tiba yake, prazikwanteli, na TB ya kibofu ina yake.

Vipimo vikiwa safi na maumivu yamepita wiki sita, ndipo daktari anaweza kuzungumzia maumivu sugu ya kibofu yasiyo na maambukizi. Dawa mojawapo inayoandikwa sana, na isiyo ghali, ni amitriptilini. Ukisoma kwenye karatasi ya ndani kwamba ni dawa ya sonona, usidhani umeambiwa una wazimu: kwa dozi ndogo hutuliza neva zinazosafirisha maumivu. Kwa kawaida huanza na miligramu 10 usiku, ikipandishwa polepole. Shida ni kwamba kidonge utakachokutana nacho dukani mara nyingi ni cha 25. Muulize daktari au mfamasia ufanyeje, usikate kwa kukisia.

Siku za mwanzo unaweza kuamka na kichwa kizito, basi chagua kuanza usiku ambao kesho yake huendeshi gari wala bodaboda. Mdomo hukauka, choo huwa kigumu. Mwenye historia ya ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho au tezi dume iliyokua aseme kabla ya kuandikiwa, maana dawa hii inaweza kuvuruga mapigo ya moyo au kuziba mkojo kabisa. Mjamzito, au anayetafuta mtoto, naye aseme. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Ukiona haikufai, usiikate ghafla, rudi kwa aliyekuandikia. Na ifungiwe mbali na watoto, kwani vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Ninachokihofia zaidi lakini si kidonge hicho chenyewe, ni vile vinavyokisubiri nyumbani. Fungua kabati utakuta vibahasha vilivyoandikwa kwa peni 1×3, bila jina la dawa, bila tarehe ya kuisha. Beba vyote uende navyo kliniki, pamoja na dawa za kienyeji, hata kama unaona aibu kuzitoa mezani. Kimoja kinaweza kuwa tramadoli, dawa kali ya maumivu, ambayo ikikutana na amitriptilini huongeza hatari ya degedege na usingizi mzito. Kingine ni diklofenaki, nayo ya maumivu, na kuimeza kila siku kwa miezi huumiza tumbo na figo. Simetidini ya vidonda vya tumbo nayo hufanya amitriptilini irundikane mwilini. Pombe, iache.

Walioko Marekani wanaweza kuandikiwa dawa nyingine ya maumivu haya ya kibofu, pentosani, yaani Elmiron, iliyoruhusiwa huko mwaka 1996. Humezwa miligramu 100 mara tatu kwa siku, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, na inaweza kuchukua miezi mitatu hadi sita kuonyesha kazi. Huifanya damu iwe nyepesi kidogo, hivyo anayetumia wafarini au aspirini aseme. Mwaka 2018 madaktari wa macho waliripoti uharibifu wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa watu walioitumia kwa muda mrefu, na 2020 onyo likaingia kwenye maelezo ya dawa. Kwa hiyo retina ichunguzwe mapema, siyo kusoma herufi ukutani tu. Kuletewa kopo la dawa hii na shemeji kwenye begi, bila daktari wa kufuatilia macho, mimi siungi mkono.

Kwa wanaofunga Ramadhani, dawa ya mara moja usiku haina tabu. Ya mara tatu ijadiliwe kabla mwezi haujaandama, usijipangie mwenyewe kumeza zote kati ya futari na daku.

Ukishaanza dawa yoyote kati ya hizi kisha ukakojoa damu, ukapata homa na maumivu ya mbavuni, au mkojo ukagoma kutoka, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na vibahasha vyako mkononi.