Somo: kuhesabu vinamasi vya chura ambaye hukumsikia

Wanafunzi hapa Bukavu wakisikiliza vinamasi 20 vya Kabare, chura wao akalia katika 9, wanaandika kwenye memwari (tasnifu ya kumaliza masomo): "Anaishi katika asilimia 45." Hiyo ni asilimia ya masikio yao. Chura anaweza kuwepo, ila walipokuwa wanasikiliza hakulia.

Hatua ya 1. Rudia kila kinamasi zamu 3 za kusikiliza ndani ya majira yale yale ya mvua, kabla vyura hawajahama. Umemsikia, andika 1, hukumsikia, 0. Kinamasi kimoja kitasomeka 010, kingine 000. Ukiwa na shaka na sauti, weka 0: hesabu hii inavumilia chura aliyekosekana, haivumilii chura wa kubuni.

Hatua ya 2. Tafuta uwezekano wa kumsikia kwa zamu moja. Wengi wanateleza hapa: wanachukua vile vinamasi 9 alimosikika angalau mara moja katika zamu 3 na kugawanya mara zote alizosikika kwa zamu 27. Lakini vimeingia kwenye orodha kwa sababu tu alisikika, kwa hiyo jibu linavimba. Hesabu zamu zinazofuata baada ya kumsikia mara ya kwanza. Tuseme katika vinamasi 3 alisikika kwanza zamu ya 1, katika 4 zamu ya 2, katika 2 zamu ya 3. Zamu zilizobaki: 6 + 4 + 0 = 10. Akisikika tena katika 4, uwezekano ni 0.4.

Hatua ya 3. Kumkosa zamu zote tatu: 0.6 × 0.6 × 0.6 = 0.216. Kumpata angalau mara moja: 0.784. Gawanya 0.45 kwa 0.784, unapata 0.574, yaani vinamasi 11 au 12 kati ya 20.

Zamu 10 ni chache mno, huo ni mfano wa kalamu na karatasi. Kwa memwari yenyewe tumia programu ya takwimu ya R na pakeji (nyongeza yake) ya unmarked, ni bure. Inafuata njia ya mtafiti MacKenzie na wenzake ya mwaka 2002, na inakuruhusu kuingiza mvua na saa ya kusikiliza.

Maswali

— Yaya, kinamasi cha 000 nikiandikie nini? "Hayupo"?
— Hapana. Kwa mfano huu: 0.574 × 0.216, gawanya kwa 0.55 ya vinamasi vilivyonyamaza. Bado kuna uwezekano wa karibu 0.23 kwamba yupo.

— Pesa ya pikipiki ni shida. Wenzangu watatu wasikilize usiku mmoja?
— Inawezekana, kila mtu akiandika bila kuchungulia daftari la mwenzake. Ila mvua ikikosekana, imekosekana kwenu wote. Usiku tofauti ni afadhali.

— Zamu ngapi zinatosha?
— Kwa uwezekano wa kumsikia wa 0.4, zamu 6 zinashusha nafasi ya kumkosa chini ya asilimia 5. Mfuko ukiwa mwembamba: chura adimu, ongeza vinamasi, chura wa kila mahali, ongeza zamu.